Mashine Iliyotupwa Ziwani Ilikuwa ya Nani

Siku Yaya alipochekwa, nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye benchi la ushirika mmoja wa akiba na mikopo hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Yaya ni dada yangu mkubwa. Huku kwetu ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. Alikuwa amejifunga kitenge kipya na mtandio mweupe, kama mtu anayekwenda harusini. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu eda iishe alikuwa na jambo moja tu kichwani: mashine ya kukoboa mpunga.

Halikuwa wazo la kijinga. Mpunga unalimwa kwa wingi kwenye mabonde ya nyuma ya mji na kuelekea Lubondja, na wakati huo mashine za mtaani kwetu zilikuwa chache na chakavu. Wanawake walipanga foleni tangu asubuhi, na mchele uliotoka ulikuwa chenga tupu. Tena mwenye mashine alibakiza pumba zote kwa ajili ya kuku wake, hata bila kuomba. Yaya alikuwa ameipanga biashara hiyo mpaka mahali pa kuweka benchi la wateja.

Kijana wa ushirika alimweleza habari ya kredi, yaani mkopo, jinsi inavyotolewa na kiasi kinachoongezeka kila mwezi. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mi sikatae kulipa," akasema. "Munaweza kununua mashini nyinyi wenyewe, halafu muniuzie kwa bei ya juu, nilipe kidogo kidogo. Mutapata faida yenu. Lakini kukopa makuta na kurudisha makuta ingine juu yake, ile dini yangu inakataza."

Kijana alimtazama, akageuka kumwita mwenzake wa dirisha la pili. "Kuya usikie! Huyu mama anataka kredi bila intere. Banaislamu banapenda bya bure kabisa!"

Wakacheka wote wawili. Watu wa kwenye foleni nao wakacheka, labda si kwa ubaya, ila kwa sababu mwenye biro, yaani ofisi, akicheka, mwenye shida hucheka naye.

"Sijaomba bya bure," Yaya alisema kwa sauti ile ile ya heshima. "Nimesema nitawapa faida."

"Mama, huku ni biro, si musikiti."

Hapo nilisimama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kupaza sauti. Nilimuuliza yule kijana kama mama yake mzazi angekuja pale angemjibu hivyo.  Yaya alinishika mkono, tukatoka. Njia nzima hakusema neno, na mimi nilisema maneno ya watu wawili.

Watu hudhani Yaya alikataa riba kwa sababu ya kitabu tu. Kitabu alikijua, lakini riba aliijua kabla ya hapo. Tulikulia kambini, Tanzania, miaka ya kukimbia vita. Mama aliugua, na baba akakopa kwa mkimbizi mwenzetu aliyekuwa na duka dogo la turubai. Deni likakua. Kila siku ya mgao, Yaya, ambaye bado alikuwa msichana, alibeba unga na maharagwe yetu kichwani kutoka kwenye mstari wa mgao moja kwa moja mpaka dukani kwa yule mtu, akarudi nyumbani na kiasi kidogo mwenye duka alichopenda kumwachia. Mama alikufa, na unga uliendelea kwenda. Kwa hiyo alipomwambia yule kijana kwamba dini yake inakataza, alikuwa ameongea kwa kifupi.

Ndiyo maana biro mpya ya fedha za Kiislamu ilipofunguliwa karibu na soko, tulifurahi kama watu waliopata ndugu. Walipaka ukuta rangi ya kijani, wakaweka kibao chenye maandishi ya Kiarabu juu na Kifaransa chini. Direkta wake alikuwa mtu wa makamo, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na Kiswahili kilichonyooka cha watu waliosoma mbali. Ijumaa moja baada ya sala, shehe alimpa maikrofoni.

"Sisi hatukopeshi pesa," alisema. "Sisi tunanunua kitu. Kinakuwa mali yetu, na hatari yake inakuwa yetu. Kisha tunakuuzia kwa bei unayoijua tangu mwanzo, unalipa taratibu, wala haiongezeki hata kidogo. Kikiharibika kabla hatujakukabidhi, hasara ni yetu. Hiyo ndiyo tofauti yetu na wale wengine."

Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, Yaya alinishika goti kwa nguvu. Nilipomwangalia, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umesikia?" aliniuliza. "Ni ile ile niliwaambia. Ile ile banacheka."

Tulikwenda Jumatatu. Direkta alitupokea vizuri, akatuagizia chai. Faili ilikubaliwa upesi, kwa sharti kwamba Yaya aweke karatasi ya parsele yake kama garanti, maana kiwanja kile na nyumba yake ya matofali mabichi ndivyo vitu pekee alivyoachiwa na marehemu. Hilo hatukulishangaa. Lililonishangaza ni lile lililofuata. Direkta alisema biro haina mtu Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ambako mashine zinanunuliwa. Kwa hiyo Yaya mwenyewe atakuwa wakili wao: atapewa pesa, atavuka, atanunua mashine kwa jina la biro, ataileta. Hapo hapo akasogeza karatasi ya pili, ambayo ilisema kwamba Yaya amekwisha kuuziwa mashine na amekwisha kuipokea.

"Anasaini kupokea kitu ambacho hakijanunuliwa?" niliuliza.

"Ni formalité tu, mwalimu. Tukisubiri arudi, faili italala miezi."

"Lakini msikitini ulisema munanunua kwanza, kinakuwa chenu, ndipo munauza."

"Niliyosema msikitini ndiyo haya haya," alijibu, na tabasamu halikumtoka. "Karatasi ina lugha yake."

Nilitaka kuendelea. Yaya akaniwekea mkono begani. "Acha, mudogo wangu. Muntu anasimama mbele ya musikiti, anataja jina ya Mungu, halafu anidanganye mi mujane? Hapana."

Akasaini.

Alivuka salama. Kigoma alikaa siku chache kwa binamu yetu, akazunguka madukani mpaka akapata mashine nzima, na injini yake ya mazuti, yaani dizeli, vyote vipya, vimefungwa kwenye mbao. Mabaharia wa boti waliipakia katikati, juu ya mifuko ya saruji. Yaya alikaa kuiegemea. Baadaye aliniambia kwamba saa za kwanza alikuwa anaigusa kila mara, kama mtu anayehakikisha mtoto amelala.

Katikati ya ziwa upepo wa kusini ulianza. Sisi wa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mawimbi yakaanza kuingia ndani, wanaume wakachota maji kwa ndoo na sufuria, na injini ya boti ikakohoa. Nahodha akapiga kelele kwamba mizigo mizito itoke. Ilikwenda saruji kwanza, kisha betri za mtu mmoja mfanyabiashara wa Nundu aliyekuwa analia waziwazi. Boti bado ilikuwa nzito. Wakageuka wote kuitazama mashine, na kumtazama yeye.

Kando yake alikaa mama mmoja na mtoto mchanga aliyefungwa kifuani. Yaya anasema hakufikiri sana. Alisimama, akashika kamba na kuifungua mwenyewe, maana alijua ilivyofungwa.

"Tupeni," aliwaambia.

Wanaume wanne waliisukuma. Na yeye aliweka mikono.

Boti ilifika Baraka siku ya pili yake mchana, baada ya kusukumwa mbali na njia. Habari ilikuwa imeitangulia kwa simu, kwa hiyo ufuko ulikuwa umejaa watu wanaolia kabla ya kujua wanamlilia nani. Nilimkuta ameketi mchangani, anakamua mtandio wake. Aliniona.

"Batu bote bako bazima," alisema. Ndipo akaongeza, "Mashini haiko."

Kwa siku tatu watu walikuja nyumbani kwake kama msibani. Yule mama wa mtoto mchanga alikuja, akaweka mtoto mapajani kwa Yaya. Nahodha naye alikuja, kofia mkononi. Wa biro hakuja mtu, na mimi nikasema moyoni labda wanaona haya, maana mashine yao imepotea mikononi mwetu. Ndivyo nilivyofikiri, kweli: mashine yao. Nilikuwa nimemwamini yule mtu wa maikrofoni kuliko nilivyojua.

Tulikwenda wenyewe kuwapa pole. Direkta alitupa pole pia, tena ndefu, yenye aya. Alisema ni mtihani wa Mungu. Kisha akafungua faili.

"Malipo ya kwanza yanaanza mwezi ujao, kama kawaida."

"Malipo ya nini?" Yaya aliuliza.

"Ya mashine, mama."

"Mashini iko chini ya ziwa."

"Najua, na inauma. Lakini ulishaipokea. Saini yako hii hapa."

"Siku nilisaini, mashini ilikuwa bado dukani Kigoma. Ulikuwa unajua. Wewe ndiye ulinituma."

"Kisheria, mama, ulikuwa umeipokea." Aligeuza ukurasa. "Na ninakushauri usichelewe. Ukichelewa kuna kiasi kidogo kinaongezeka kila mwezi. Si riba, usifikirie vibaya. Tunakiita sadaka ya kuchelewa. Kinakwenda kwa mayatima."

Sijui kama nilicheka au nilipiga kelele. Wanaotoka sokoni walisimama mlangoni kutazama.

"Mayatima gani?" nilimuuliza. "Batoto ya huyu mama hawana baba. Mayatima bako kwake, banakula kwake. Utachukua sadaka kwa mama yao, upeleke kwa nani?"

Akasema mwalimu anatakiwa kuwa na adabu.

Nimewaza sana juu ya siku ile. Yule kijana wa ushirika alimcheka dada yangu, na sijamsamehe bado. Lakini yeye riba aliiita riba. Aliiweka mezani ikiwa uchi, ukaweza kuikataa na kwenda zako. Huyu wa pili aliivalisha kanzu, akaipaka manukato, akaipitisha msikitini mbele yetu, tukaisimamia kwa heshima. Mtu anayekuuzia nyama iliyooza ni mwizi; na yule anayekuuzia nyama hiyo hiyo huku akikuapia kwamba ameichinja kwa jina la Mungu, sijui nimwite nani.

Nilikwenda kwa shehe. Simsemi vibaya, ndiye aliyewazika wazazi wa nusu ya mtaa wetu, na wakati wa mafuriko alilala nje akawaachia watu nyumba yake. Lakini siku ile alinipokea msikitini, na msikiti ulikuwa na zulia jipya lililoletwa na biro, na nje kulikuwa na tangi jipya la maji ya udhu lililoletwa na biro. Alinisikiliza akiangalia chini. Nami nikaangalia chini. Zulia lilikuwa zuri kweli.

"Tuwe na subira," alisema. "Ni kitu kichanga. Tumekingojea miaka mingi. Tukikipigia kelele sisi wenyewe, wanaotucheka watapata neno."

"Shehe, waliotucheka walimcheka huyu huyu mnayemwacha leo."

Akalipapasa zulia kwa kiganja. Nikavaa viatu.

Nikapanda pikipiki mpaka Fizi, juu kule, kwenye biro moja ambayo niliambiwa inaweza kupokea malalamiko ya wafanyabiashara. Nilifika nina vumbi mpaka kwenye meno. Afisa alinisikiliza kwa dakika chache kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo kitu ni banki ao ni dini?" Nikamwambia ni biro inayouza vitu kwa malipo ya polepole. Akasema kama ni biashara, kuna karatasi imesainiwa, basi dada yangu alipe. Na kama ni dini, tumalizane wenyewe msikitini. Aliridhika sana na jibu lake. Nikamuuliza nani, katika nchi hii yote, anazitazama biro za namna hii kujua kama zinafanya zinachokisema. Akanionyesha kwa mkono upande wa magharibi, labda Kinshasa, labda dirisha.

Yaya hakulipa. Aliuza maandazi na mawese, akasomesha watoto, na kila mwezi alipeleka ujumbe ule ule kwa Direkta: mashine ikifika mlangoni kwake atalipa yote. Ndipo walipowatuma wapimaji, kupima parsele iliyowekwa garanti.

Ilikuwa alasiri. Wanaume wawili waliingia uani na mita yao ndefu ya chuma, hata hodi ya maana hawakupiga, wakaanza kupima kutoka kwenye choo kuelekea jikoni. Mihogo ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, wakaikanyaga. Yaya alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. Nilianza kupiga kelele, lakini sauti yangu ilikuwa imechoka, na wao walikuwa wamezoea kelele.

Jirani wa Yaya ni mama mmoja Mbembe, wa kabila la wenyeji wa hapa, Mprotestanti, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Yeye na Yaya wamelimiana mashamba na kuleleana watoto miaka mingi. Alasiri ile kwaya ilikuwa imekusanyika uani kwake kufanya mazoezi, na ua kati yao ni wa mabua tu. Walisikia kila kitu. Waliingia mmoja mmoja, bamama kumi na kitu, wengine wazee, na vitenge vyao vya sare. Wakaketi chini, pale pale mita ilipotakiwa kupita.

"Munapima nini, batoto yangu?" jirani aliuliza.

"Parsele, mama. Tunatumwa."

"Pimeni. Sisi tumekaa tu."

Yule mwenye kushika mita alimwangalia mwenzake. Hakuna aliyewazuia, hakuna aliyewatukana. Mmoja wa bamama akajinyoosha kabisa, akaegemea kiwiko. Mwingine akaanza kukusanya vipande vya muhogo vilivyokanyagwa, anapulizia mchanga. Kisha, kwa sababu walikuwa wameacha wimbo katikati, wakaendelea nao. Wapimaji walisikiliza ubeti mmoja, wakakunja mita, wakaondoka.

Nililia siku ile. Nililia kwa shukrani, na kwa hasira zaidi, kwa sababu waliokuja kumkinga dada yangu ni wanawake wa kanisa, na sisi wa nyuma ya pazia, tuliosikia wote ahadi ile kwa masikio yetu, tulikuwa majumbani tukisema maskini. Niliwaambia hivyo wenzangu msikitini, kwa maneno hayo. Baadhi yao hawaniamkii mpaka leo.

Habari ya kwaya ilimfikia shehe kabla ya magharibi. Sijui ni nini kilichomchoma, kukanyagwa kwa mihogo au ule wimbo. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alimwomba Direkta abaki, akawaomba watu nao wabaki, na akaagiza pazia la wanawake lifunguliwe.

"Nina swali moja," alisema. "Siku mashine inatupwa majini, ilikuwa ya nani?"

Direkta alianza kwa maneno ya Kiarabu, majina ya mikataba.

"Kwa Kiswahili," shehe alimkatiza. "Bamama bako banasikiliza."

"Kwa mujibu wa karatasi, shehe, mama alikuwa ameshaipokea."

"Sijauliza karatasi. Ulikuwa umeinunua wewe siku alipoipokea?"

"Bado, lakini utaratibu..."

"Basi ulimuuzia nini?"

Bomba la tangi lilikuwa likidondosha maji nje. Shehe aliendelea polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Kama ilikuwa yenu, imepotea yenu. Kama haikuwa yenu, hamkuuza kitu. Mlimpa pesa na mkataka pesa zaidi. Hiyo jina lake tunalijua sote, na ulilitaja mwenyewe hapa, kwenye maikrofoni yangu."

Nilimtazama Yaya. Alikuwa ameketi wima kabisa.

Direkta alisema atawasiliana na makao makuu. Kisha ukapita muda mrefu. Mara wakaleta pendekezo: watamsamehe faida yao yote, arudishe bei ya Kigoma tu, bila haraka. Watu wengi walisema ni heri, hata mimi nilichoka nikasema labda. Yaya alikataa.

"Nikilipa hata nusu," alisema, "itakuwa nimekubali ilikuwa yangu. Na kesho watamfanyia mwingine, watasema yule mama wa mpunga alilipa."

Alikuwa sahihi kwamba kulikuwa na wengine. Baada ya Ijumaa ile walianza kujitokeza. Mvuvi mmoja aliyeuziwa mota ya mtumbwi ambayo biro haikuwahi kuiona. Mshonaji aliyekuwa akilipa sadaka ya kuchelewa kwa miezi bila kuthubutu kuuliza yatima gani. Walikuwa wamenyamaza kwa sababu moja: kuilalamikia biro ya kijani kulionekana kama kuilalamikia dini. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Kijana wa ushirika ukimkasirikia, unamkasirikia yeye. Hawa wameifanya imani yetu kuwa ukuta, wakajificha nyuma yake, na sisi tukaogopa kurusha jiwe.

Mwishowe Yaya aliitwa, akarudishiwa karatasi ya parsele kwenye bahasha ya kaki. Hakuombwa radhi. Aliombwa asaini kwamba hatazungumza habari hiyo na watu.

"Kusaini kwenu, ile ya kwanza imenitosha," aliwaambia, akaondoka na bahasha yake.

Direkta alihamishwa. Biro iko pale pale, kijani kile kile.

Mashine Yaya anayo sasa, na haikutoka biro yoyote. Lilikuwa wazo la yule jirani. Ndugu yake, mkulima wa Nundu, alikuwa na injini iliyokaa bure tangu kinu chake cha mawese kife. Mtu mmoja mwenye mitumbwi, Mwislamu, alikuwa na akiba kidogo ya kutosha kununua kinu cha mpunga kilichotumika. Yaya alikuwa na kiwanja, na mikono, na wateja.

"Tufanye kama mutumbwi," jirani alisema.

Kila mtu hapa anaelewa maana yake. Wavuvi wakirudi, samaki wanagawanywa: fungu la mtumbwi, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Ziwa likitoa kingi, wote wanacheka. Likinyima, mwenye mtumbwi na mwenye kasia wanarudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna anayemdai mwenzake. Wabembe waliyafanya hayo kabla hawajasikia habari ya benki, wala ya Kiislamu wala ya Kikristo. Shehe aliposikia alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema hicho ndicho vitabu vinachokitaka, ushirika wa faida na hasara. Mzee wa kanisa alikuja na yeye kushuhudia makubaliano, wakakaa mkeka mmoja na shehe, wakanywa chai ya tangawizi.

Si hadithi tamu yote. Mwezi wa kwanza mkanda ulikatika, tukakosa kila kitu, na mwenye mitumbwi alinuna. Yule wa Nundu huwa anafikiri Yaya anaficha pumba. Waligombana juu ya mazuti mpaka nikaitwa kuamua, nami nikakataa. Lakini hasara ilipokuja walikula wote hasara, na mchele unatoka mzima, na pumba zinabaki kwa mwenye mpunga.

Ninachouliza, na ninauliza kwa hasira kwa sababu kwa upole nimeshauliza, ni hiki. Wale waliokuja na kibao cha kijani, kwa nini hawakuanzia pale ufukoni, wakaangalia samaki wanavyogawanywa? Kwa nini walikuja na karatasi ya benki ya riba, wakabadilisha majina tu? Na matajiri wetu Waislamu, wanaotoa zulia na tangi na kupigwa picha, wangapi wameweka fungu lao kwenye kinu cha mjane, wakakubali kupoteza akipoteza? Zulia halina hatari. Hakuna mwaka ambao zulia litakuletea hasara.

Juzi alikuja Direkta mpya. Kijana, mpole, na simu kubwa mkononi. Aliomba apige picha ya kinu, kwa ajili ya kalenda ya biro, kuonyesha jinsi fedha za Kiislamu zinavyoinua wanawake wa Fizi. Nilikuwa nimetoka shule, nikasimama kwenye kivuli cha banda, na nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

Yaya alinitangulia. Alimuuliza kama ameleta mpunga. Akasema hapana. "Basi utoke kwa foleni, mutoto wangu, bamama bako nyuma yako." Akamkatalia picha. Kisha, jambo ambalo lilinitia wazimu, akamwekea kiti, akampa chai.

Nilimgombeza jioni yake. Nilimwambia wale watu hawastahili hata maji. Alikuwa anapepeta mchele wa kesho, hakuacha.

"Aliniuliza," akasema.

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza tunagawanya namna gani. Alikaa, akauliza tena, mi nikamueleza. Yule wa kwanza hakuniuliza kitu hata siku moja."

"Na wewe ukamwamini?"

"Nani amesema nimemuamini? Nilimuambia, siku mutanunua kitu kwa makuta yenu, mulete mpaka hapa, nikione na macho, nikiguse na mukono, ndipo tutaongea bei. Akasema ataandika kule juu."

Nikasema hataandika. Yaya alipuliza makapi, akanisogezea ungo wa pili, nami nikaketi nikaanza kuchambua mawe, bado nimekasirika.